Shajara ya mradi: kutafuta programu huria ya oda, Mlandege na Wete

12 Januari 2025: Tulipo

Duka ni la ami yangu, lipo Mlandege, mjini Unguja. Halua inapikwa Wete kwa dada, na dada naye ana wateja wake wa Pemba, kwa hiyo tuna stoo mbili na bahari katikati. Tunauza viungo vya paketi (hiliki, mdalasini, pilipili manga, manjano, mchaichai), halua ya makopo ya nusu kilo na kilo moja, na sabuni za mwani tunazochukua kwa akina mama wa Paje. Karafuu hatuigusi. Ununuzi wake ni wa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na ami hataki maneno na mtu.

Oda zinaingia kwa WhatsApp, Instagram na simu, kisha zinanakiliwa kwenye daftari jekundu. Mwezi wa Disemba oda 4 zilitoka mara mbili na 7 hazikutoka kabisa mpaka wenyewe walipopiga simu kugomba. Hapo ndipo ami aliponiita.

Sharti nililojiwekea ni moja: programu iwe huria, yaani msimbo wake uko wazi, na tuweze kuigeuza wenyewe. Tulishawahi kukodi duka la mtandaoni, tunalipa kwa dola kila mwezi. Tulipotaka kuongeza kisanduku kimoja tu, "alama ya karibu", ili boda ajue nyumba, tukaambiwa tupande kifurushi cha bei ya juu. Kisanduku kimoja!

Kabla ya kugusa kompyuta nimekaa dukani siku mbili nikifuata oda. Inasomwa, inanakiliwa, malipo yanatazamwa kwenye simu ya ami, mtu anakwenda kabatini kuona kama kitu kipo, kinapimwa, kinafungwa, kinaandikwa jina, kinapewa boda au kinakimbizwa bandarini Malindi kuwahi boti, mwisho mteja anaambiwa mzigo umetoka. Hatua 9. Mteja anaziona mbili, ya kwanza na ya mwisho. Nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

(Nyongeza ya Aprili: karatasi hiyo nilikuwa naipita kila siku bila kuisoma. Endeleeni.)

26 Januari: Tatu kwenye kompyuta moja

Magento Open Source nimeiacha mapema, ni mashine nzito mno kwa duka la oda chache kwa siku. PrestaShop na OpenCart nimezitazama jioni moja. Si mbaya, ila sikuona zinatupa nini ambacho WooCommerce, ile programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, haina. Zilizobaki nimezisimika kweli, nikaingiza bidhaa 10 na oda 5 za uongo katika kila moja.

Odoo, mfumo wa kuendesha biashara nzima, toleo la Community, inaelewa stoo nyingi bila kuongezewa kitu. Lakini kuna ukuta kati ya Community, la bure, na Enterprise, la kulipia, na ukuta huo unakutana nao pale unapoanza kunogewa: programu yao ya kusoma misimbo-pau iko upande wa kulipia, na Studio, ile ya kugeuza fomu bila kuandika msimbo, nayo iko huko huko. Kupanda toleo pia. Huduma rasmi ya kuhamisha data ni ya wanaolipa, na wa Community wanategemea mradi wa kujitolea wa OpenUpgrade. Unaweza kuishi nao, ila mimi niko peke yangu.

ERPNext, mfumo wa aina hiyo hiyo, haina toleo la siri. Yote iko wazi chini ya leseni ya GPLv3, na kuongeza kisanduku kwenye fomu ni kubonyeza tu. Kuisimika kulinichukua jioni moja na nusu, kwani inataka programu saidizi za MariaDB, Redis na Node, vyote vikae pamoja bila kugombana. Duka lake la wavuti limetolewa nje tangu toleo la 15, ni programu ya kuongezea. Ami aliitazama skrini akaniuliza, "Mwanangu, hii ni benki au ni duka?"

WooCommerce iliwaka kwa dakika 40, ikiwa na picha za hiliki na bei chini yake. Ami akatabasamu. PHP, lugha iliyoandikiwa, naijua, seva yake ni rahisi, mafundi wake wapo kila mahali. Tumechagua WooCommerce.

9 Februari: Duka limefunguka

Seva yenye RAM ya GB 2: shilingi 31,000 kwa mwezi. Jina la tovuti: 30,000 kwa mwaka. Bei zilianza kuonekana 12,000.00, nikaondoa desimali, senti nani anazitaka. Saa za tovuti zilikuwa za UTC, yaani za kimataifa, nimeweka Africa/Dar_es_Salaam. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa na mapengo, nimejaza mwenyewe sehemu anazoziona mteja.

Kilichonila ni kisanduku cha alama ya karibu, kile kile. Mafunzo yote niliyoyasoma yanasema andika msimbo mfupi kupitia `woocommerce_checkout_fields`. Nikaandika. Kimya. Nikazima plagini (programu za kuongezea) zote, nikafuta kumbukumbu za kivinjari, nikabadilisha mandhari ya tovuti, kimya vile vile. Usiku wa pili ndipo nikaelewa: maduka mapya ya WooCommerce huja na ukurasa wa malipo wa vitalu, na msimbo ule unasikilizwa na ukurasa wa zamani tu. Nimefuta kitalu, nimeweka mahali pake `[woocommerce_checkout]`, na kisanduku kikatokea papo hapo. Anayenakili kazi hii aanzie hapo, ajiokolee usiku mbili.

Msimbo wa posta nimeuondoa. Anwani zinazokuja sasa ni hivi: "Fuoni, ukipita msikiti ingia kulia, geti la kijani, uliza kwa Bi Mkubwa." Boda anafika.

23 Februari: Oda zinazojifuta

Wiki mbili za aibu.

Kwanza, saa. Niliweka nafasi za kupelekewa mzigo: 8:00–10:00, 10:00–12:00 na kuendelea. Mteja wa Mbweni akachagua 10:00–12:00. Boda akafika saa nne asubuhi, nyumba imefungwa. Mteja akapiga simu jioni amekasirika, anasubiri tangu saa kumi. Na haki ni yake: kaandikiwa kumi, kasoma kumi. Nimefuta tarakimu zote. Sasa kuna "kabla ya Adhuhuri", "Adhuhuri mpaka Alasiri" na "baada ya Alasiri". Hajakosea mtu tena.

Pili, oda zilikuwa zinafutika zenyewe. Mteja anaagiza, anatoka kwenda kwa wakala kuweka pesa kwenye simu, anarudi, analipa, anakuta oda yake imefutwa. Nilidhani tumeingiliwa. Kumbe WooCommerce ina muda wa kushikilia bidhaa kwa oda isiyolipwa, na ukiiacha kama ilivyokuja ni dakika 60. Mfumo niliouandika wa kulipa kwa simu ulikuwa unaiacha oda katika hali ya "inasubiri malipo", na hiyo ndiyo hali inayofyekwa muda ukipita. Nimeubadilisha, oda iingie "imeshikiliwa". Hapo bidhaa inapunguzwa stoo na oda haifutwi mpaka mtu aifute kwa mkono. Mstari mmoja wa msimbo. Oda 9 zilishapotea.

Na kwa kuwa tovuti yetu haina wageni wengi usiku, kazi za ratiba za WordPress zilikuwa zinachelewa, maana huamka pale mtu anapofungua ukurasa. Nimezizima na kuipa kazi hiyo kron, saa ya ratiba ya seva yenyewe.

16 Machi: Halua mbili

Ramadhani imeingia na halua imepata moto.

Katika WooCommerce bidhaa moja ina hesabu moja ya stoo. Haijui kwamba kopo liko Wete au Mlandege. Plagini za stoo nyingi zipo, nilizoziona zinafaa ni za kulipia kila mwaka. Nikajiona mjanja: nikatengeneza bidhaa mbili, "Halua kilo 1 (Unguja)" na "Halua kilo 1 (Pemba)". Nilimaanisha mahali kopo lilipo. Wateja wakaelewa ni aina ya halua, na mtu wa mjini akiona "halua, Pemba" ataacha kuichagua?

Basi watu wa mjini wakachagua Pemba. Vijana wetu dukani wakachukua makopo ya Mlandege wakawapa, kwani halua ni ile ile, mpishi ni yule yule. Hesabu ikapungua Wete. Baada ya siku nne Wete kabati limejaa na mashine inawaambia watu wa Pemba imekwisha, huku Mlandege kabati tupu na mashine inaendelea kuuza. Tuliuza makopo 11 tusiyokuwa nayo. Tumenunua 11 kwa mpishi mwingine wa mjini, 14,000 kila moja, na boda za ziada 30,000, jumla 184,000. Dada hajapendezwa kusikia halua ya mtu mwingine imekwenda kwa jina letu. Hatujazungumza naye siku mbili.

6 Aprili: Karatasi ya ukutani

Idi imepita, nimehesabu. Machi tulikuwa na oda 212. Zilizopita kwenye tovuti ni 51. Zilizobaki ni WhatsApp na simu, na zote ziliingizwa kwa mkono kwenye ukurasa wa msimamizi ambao kwenye simu ndogo unahitaji subira ya Ayubu. Vijana walikwisharudi kimya kimya kwenye daftari jekundu.

Ndipo nilipoisoma karatasi ya Januari. Hatua 9, na mimi nilichagua programu kwa zile mbili anazoziona mteja. Saba za katikati nilizichukulia kama zitajipanga zenyewe.

Uamuzi: WooCommerce inabaki kuwa dirisha la duka. Oda zote, za tovuti na za WhatsApp, zitakaa ERPNext. Ami kauliza kama ile benki inarudi. Nimemwambia ndiyo, lakini atakayekaa nayo ni sisi wa nyuma, wateja hawataiona.

4 Mei: ERPNext mezani

Nimenunua kompyuta ndogo iliyotumika, 420,000, nimeiweka dukani. Bidhaa 63 zimeingizwa kwa faili la majedwali, hakuna la kusimulia. Hiliki inanunuliwa kwa kilo na kuuzwa kwa paketi za gramu 50, na hilo ERPNext inalijua: unaiambia kipimo cha pili na uwiano wake, yenyewe inapiga hesabu.

Fomu ya oda ilikuja na visanduku vingi kama fomu ya pasipoti. Nimevificha karibu vyote, bila msimbo, nikaongeza vinne: alama ya karibu, wakati wa kupeleka, oda imetoka wapi, na namba ya muamala. Hiki cha mwisho nimekiwekea alama kwamba namba isijirudie. Nia ilikuwa kuwanasa wanaotuma picha ya malipo ya zamani. Wiki ya kwanza kikanasa mara tatu, na mara zote tatu mhalifu alikuwa sisi: oda ile ile imeingizwa na kijana wa asubuhi na wa jioni. Zile oda 4 za Disemba sasa nazijua zilitokaje.

Kosa letu kubwa lilikuwa hili. ERPNext ukishaikabidhi oda, yaani kuithibitisha, huwezi kuihariri. Kijana aliandika kilo 20 badala ya 2, akaifuta oda na kuifanyia marekebisho, ambayo ni nakala mpya yenye namba ile ile na -1 mwishoni. Mashine ikagoma: namba ya muamala imeshatumika. Imetumika na nani? Na ile iliyofutwa, ambayo bado iko ndani ya mashine kwa kumbukumbu. Tumezunguka mchana mzima tukiandika namba za muamala zenye nukta mwishoni ili mashine ikubali, jambo ambalo linaua maana yote ya kisanduku. Dawa ilikuwa juu ya fomu muda wote: kitufe cha kubadilisha bidhaa za oda iliyokwisha kukabidhiwa, bila kuifuta. Pia tumekubaliana oda ibaki rasimu mpaka malipo yaonekane kwenye simu ya ami yenyewe, si kwenye picha.

25 Mei: Umeme

Ili oda za tovuti zifike ERPNext nilitumia webhuku: WooCommerce ikipata oda inapiga hodi kwenye ile kompyuta ya dukani. Ilifanya kazi vizuri wiki mbili.

Usiku wa Jumatano umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Asubuhi kila kitu kimewaka, taa ya kijani, sote tumefurahi. Ijumaa baada ya sala akapiga simu mteja wa Jambiani: sabuni zangu za mwani ziko wapi, nyumba ya wageni ina wageni. Kutazama tovuti, oda 13 zimekaa. ERPNext haina hata moja.

WooCommerce ikishindwa kufikisha webhuku zaidi ya mara 5 mfululizo inaizima. Ndivyo ilivyotengenezwa, na ina haki, kwani itagonga mlango wa nyumba iliyohamwa mpaka lini? Lakini ikishazima haiwashi tena yenyewe. Umeme ulirudi, webhuku haikurudi.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza nimenunua UPS, betri ya kushika umeme ukikatika, 260,000, na nakiri sasa kwamba nilinunua kwa hasira, kwani haikutibu ugonjwa. La pili ndilo tiba: nimegeuza mwelekeo. Tovuti haiambii tena ERPNext chochote. Ni upande wa ERPNext ambao kila baada ya dakika 5 unaiuliza tovuti, kupitia API (mlango wa programu kuzungumza na programu), nipe oda zilizobadilika tangu mara ya mwisho. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, ukirudi itauliza oda za muda huo wote. Namba ya oda ya WooCommerce nimeiwekea nayo alama ya kutojirudia, hivyo hata ikiuliza mara mbili haiingizi mara mbili. Msimbo wote ni mistari 90 ya lugha ya Python, na nusu yake ni kushughulikia majina ya watu walioandika namba ya simu kwenye kisanduku cha jina.

Juni mosi nitaihamishia ERPNext kwenye seva ya kukodi, RAM GB 4, shilingi 62,000 kwa mwezi. Kompyuta ndogo itabaki kuwa skrini ya meza ya kufungia.

22 Juni: Boti ni ghala

Stoo mbili zilikuwa rahisi, Wete na Mlandege, kila mstari wa oda unasema unatoka wapi. Tatizo lilikuwa kati yao. Dada anapakia makopo 40, yanapanda gari mpaka Mkoani, yanapanda boti, yanashuka Malindi, anayapokea mtu. Kwa muda wote huo makopo yako wapi? Tukiyatoa Wete asubuhi na kuyaingiza Mlandege papo hapo, vijana wanauza kitu ambacho bado kiko baharini. Tukisubiri yafike ndipo tuyahamishe, dada anaendelea kuyaona kwake na kuyauza.

Katikati ya mkanganyiko huo nilifanya la kijinga. Kabla ya Idi kubwa makopo yalifika, yakawekwa kabatini, hakuna aliyeyaingiza kwenye mashine. Mashine ikakataa kutoa hati ya kupeleka kwa sababu kwa hesabu yake stoo ni sifuri. Wateja wamejaa mlangoni. Nikaenda kwenye mipangilio nikaruhusu stoo kuwa hasi. Foleni ikaisha, na siku tatu baadaye tulikuwa na halua hasi 17, mdalasini hasi 6, na hakuna aliyeweza kusema lipi ni kosa la kuandika na lipi limeuzwa kweli. Jumapili nzima tumehesabu kabati kwa mikono. Ruhusa hiyo nimeiondoa na sitairudisha.

ERPNext inapoanzisha kampuni hutengeneza yenyewe ghala la bidhaa zilizo njiani. Nilikuwa nimelificha kwa kuona halina kazi. Nimelirudisha na kulibadilisha jina: Boti. Dada akipakia, makopo yanatoka Wete yanaingia Boti. Kijana akiyapokea Malindi anayahesabu pale pale bandarini, kwa simu, yanatoka Boti yanaingia Mlandege. Kilicho kwenye Boti hakiuzwi na yeyote. Mara ya kwanza yaliondoka 40 yakafika 38, na yale 2 yakaonekana wazi yamebaki Boti. Dada akakumbuka: aliyapakua dakika ya mwisho kumpa jirani aliyefiwa, hakuyaandika. Zamani makopo hayo yangekuwa ugomvi wa wiki.

Tangu hapo dada ndiye anayeisifu mashine kuliko sote, na anaita kila kitu ndani yake "Boti", hata ripoti.

13 Julai: Fedha

Mpaka leo, kwa shilingi: jina la tovuti 30,000, seva ya WooCommerce miezi 6, 186,000, kompyuta ndogo 420,000, UPS 260,000, seva ya ERPNext miezi 2, 124,000, printa ya risiti ya milimita 58, 95,000, na karatasi zake 20,000, maafa ya halua ya Machi 184,000. Jumla 1,319,000. Leseni za programu ni sifuri, na ami anapenda kuwaambia watu kwamba programu ni ya bure. Saa zangu za usiku sijazihesabu, naye hajaniuliza.

Ningeanza upya leo ningekata kompyuta ndogo na UPS, 680,000 kwa pamoja, nikaenda moja kwa moja kwenye seva ya kukodi.

Juni haikutoka oda mara mbili. Iliyosahaulika ni moja, ya mteja aliyeagiza kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne, oda yenyewe ikiwa dakika ya tatu baada ya salamu za nyumbani.

Kilichobaki mezani ni printa. Karatasi yake inabeba herufi 32 kwa mstari, na "Mdalasini wa vijiti paketi gramu 100" inakatika kabla ya namba, hivyo mfungaji haoni kama ni gramu 50 au 100. Nitaongeza kisanduku cha jina fupi kwenye bidhaa, lenye uzito mbele: "100g mdalasini vijiti". Bidhaa 63, moja moja, kwa mkono. Nimefika ya 22.